Mstari Nilioruka

Siku tuliyogawana vitu vya shangazi yangu, mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Baba Mkubwa alisukuma daftari mbele yangu, akasema, "Wewe ndiye wa chuo. Andika." Basi nikaandika. Cherehani kwa huyu. Kibanda cha Gikomba kiuzwe, pesa zigawanywe. Ploti ya Joska, hamsini kwa mia, ingoje kwanza hadi hati ipatikane. Pesa za chama zilipe deni la mazishi. Kila kitu kilipata mstari wake.

Kitu kimoja tu hakikupata.

Anti, maana sisi sote tulimwita Anti, hakuwa na mume wala mtoto. Aliuza nguo za watoto za mitumba, na alikuwa na jicho. Akifungua mtumba mpya alijua zile za kamera kabla hata hazijakunjuliwa. Kila Desemba alijaza gunia moja, si masalio, nguo nzuri kabisa, akapanda nalo matatu hadi makao fulani ya watoto upande wa Eastlands. Mimi nilimbebea gunia hilo miaka mitatu. Desemba yake ya mwisho, tukiwa nyumbani kwake watu sita tunakula pilau, alisema bila kuinua macho kwenye sahani: "Nikienda, kibanda kikiuzwa, nusu ya pesa iende kwa wale watoto. Sitaki maneno."

Agosti iliyofuata alifariki.

Kwenye kikao, watano kati ya wale sita walikuwepo, mimi nikiwa mmoja wao. Nilingoja mtu mzima aseme. Sasa nafikiri watu wazima nao walikuwa wanamngoja mwenye kalamu. Kikao kilipoisha, Baba Mkubwa alinihesabia shilingi 20,000, "za karo, kwa sababu marehemu alikuwa anakusaidia." Nikasema asante sana, Baba. Nikafunga daftari.

Kwa taarifa yako, pesa hizo hazikufika chuoni. Muhula uliofuata niliacha masomo, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote ninacholipwa kuandika. Mwaka jana mteja mmoja alitaka makala kuhusu sinema za watoto. Nilipoanza kuchimba habari za Peter Pan, yule mvulana anayepaa na kukataa kukua, nilijikuta nasoma kuhusu wosia, na kuhusu mtu mwingine aliyekuwa ameshika kalamu siku ambayo hakupaswa kukosea. Makala ya mteja niliimaliza siku mbili. Hii nyingine imenichukua mwaka.

*

Tuanze mapema kidogo, London ya karne ya 18, kwa sababu hadithi ya Peter Pan inakuja kusimama juu ya ardhi hiyo hiyo.

Thomas Coram alikuwa nahodha wa meli. Alikaa miaka kadhaa ng'ambo, kwenye makoloni ya Marekani, akiunda na kuuza meli. Aliporudi Uingereza aliona vitoto vichanga vimetupwa kando ya barabara za London, vingine hai, vingine vimekufa. Hakuwa tajiri wa kutisha wala hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alichokuwa nacho ni ubishi. Kwa miaka 17 alizunguka akigonga milango ya wenye vyeo, akiomba saini. Alianza kufanikiwa alipoacha kuwaomba wanaume peke yao na kuwaendea wake zao. Mwaka 1739 Mfalme George II alitia muhuri hati ya kuanzisha Foundling Hospital.

Jina lisikuchanganye. Neno "Hospital" enzi hizo halikumaanisha wodi na sindano tu, lilimaanisha mahali pa kupokea wenye shida. Haya yalikuwa makao ya watoto waliotupwa au ambao mama zao hawangeweza kuwalea. Watoto wa kwanza walipokelewa mwaka 1741. Waliokuja walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo ikaanzishwa bahati nasibu. Mama aliingiza mkono kwenye mfuko na kutoa mpira mdogo. Mweupe, mtoto wako anaingia akipatikana mzima. Mwekundu, ngoja, labda mwingine atakataliwa. Mweusi, rudi naye nyumbani.

Mtoto aliyeingia alipewa jina jipya. Ili mama aweze kumtambua siku moja akirudi, waliacha alama pamoja na karatasi za mtoto: kifungo, sarafu iliyochongwa, na mara nyingi kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye nguo. Maelfu ya vipande hivyo vimehifadhiwa hadi leo. Niliangalia picha zake usiku mmoja kwa simu, vitambaa vya maua, vya mistari, kipande cha mkono wa gauni la mtoto, nikamkumbuka Anti akivuta kitambaa kwa vidole viwili kujua kama kitadumu. Mama waliorudi walikuwa wachache mno.

Makao haya yalihitaji pesa kila siku, si siku ya kukata utepe tu. Hilo ndilo watu husahau kuhusu kusaidia watoto. Mwaka 1756 Bunge lilikubali kulipa, lakini kwa sharti kwamba kila mtoto anayeletwa apokelewe. Ndani ya miaka minne waliletwa karibu watoto 15,000, na wengi wao walikufa. Mwaka 1760 Bunge likachoka, likafunga mfereji. Pesa ya serikali ilikuja kwa kishindo ikaondoka vivyo hivyo. Watoto waliokuwa ndani hawakuondoka nayo.

Sasa ingiza mwanamuziki. George Frideric Handel, Mjerumani aliyehamia London, hakuoa wala hakuwa na mtoto. Mwaka 1750 alipiga utunzi wake mkubwa, Messiah, kwenye kanisa la makao hayo ili kuchangisha pesa. Watu walifurika hadi wengine wakafungiwa nje, ikabidi irudiwe. Ikawa desturi ya kila mwaka, na ikaingiza maelfu ya pauni. Handel aliingizwa kwenye kundi la magavana wa makao.

Lakini jambo lililonifanya nimheshimu si tamasha. Ni nyongeza aliyoiweka kwenye wosia wake mwaka 1757, akiwa kipofu, miaka miwili kabla ya kufa. Aliagiza makao yapewe nakala safi ya Messiah pamoja na karatasi za sehemu zote. Hebu fikiria tofauti. Angeweza kuacha kile kitabu kikubwa cha utunzi peke yake, kikawekwa kwenye kabati la vioo, watu wakakipiga chabo. Lakini kitabu cha utunzi hakichezi muziki. Wapiga fidla, wa tarumbeta, waimbaji, kila mmoja anahitaji karatasi yake. Handel aliwaachia kitu kilicho tayari kufanya kazi Jumatatu asubuhi. Alikufa Aprili 1759, na Messiah ikaendelea kupigwa pale na kuendelea kuleta pesa.

Coram mwenyewe, yule nahodha, alikuwa ameshakufa mwaka 1751. Aligombana na magavana wenzake mapema, wakamweka kando kwenye makao aliyoyaanzisha, na uzeeni aliishi kwa malipo ambayo marafiki walimchangia. Wosia wa mali hakuwa nao wa maana, kwa sababu mali yenyewe haikuwepo. Walimzika chini ya kanisa la makao. Naye hakuwa na mtoto.

Kwetu mtu wa namna hiyo husemwa jina lake limezimika. Nimelisikia likisemwa mazishini kwa Anti, kwa huruma, na mtu aliyekuwa anamaanisha vizuri.

*

Tupande miaka 150. James Matthew Barrie alizaliwa mwaka 1860 katika mji mdogo wa Kirriemuir, Scotland, mtoto wa mfumaji wa nguo. Alipokuwa na miaka sita, kaka yake David alikufa kwa ajali kwenye barafu, akikaribia kutimiza miaka 14. Mama yao hakupona kabisa. Barrie aliandika baadaye jinsi alivyojitahidi kumrudishia mama yule mtoto, na jinsi mama alivyopata faraja moja tu: aliyekufa mdogo hatakua akamwacha. Ukilijua hilo, Peter Pan anaacha kuwa katuni.

Akiwa mwandishi maarufu London, Barrie alizoeana na watoto wa familia ya Llewelyn Davies aliokutana nao bustanini, Kensington Gardens. Wavulana watano: George, Jack, Peter, Michael na Nico. Michezo yake nao ikageuka tamthilia, na Peter Pan ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 27 Desemba 1904. Ilipendwa vibaya sana. Kitabu kilifuata mwaka 1911.

Kisha baba wa wale wavulana, Arthur, alikufa mwaka 1907. Mama yao, Sylvia, akamfuata mwaka 1910. Sylvia aliacha karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, yenye matakwa kuhusu watoto. Humo alieleza angependa mtu fulani aje akae na Mary, yaya wa watoto, wasaidiane kuwalea. Mtu huyo aliitwa Jenny. Jenny alikuwa dada yake yaya.

Barrie aliinakili karatasi hiyo kwa mkono ili kumpelekea bibi ya watoto. Kwenye nakala yake, mahali pa "Jenny" pakasomeka "Jimmy." Na Jimmy, kwa familia ile, alikuwa Barrie mwenyewe.

Waliochunguza hati hizo hawakubaliani kama ni macho yaliteleza au ni mkono uliamua. Mwandiko unaweza kudanganya, na mtu mwenye majonzi husoma anachotamani kusoma. Wavulana walikuwa wanampenda, na pesa za kuwasomesha zilikuwa zake. Huenda angekuwa mlezi wao vyovyote vile. Lakini marehemu alikuwa ameandika neno moja, na aliyeshika kalamu baada yake akaandika lingine.

Nilisoma hilo saa nane za usiku, nikaweka simu kifudifudi kitandani. Yeye alibadilisha herufi mbili tatu. Mimi niliruka mstari mzima, na sina hata kisingizio cha mwandiko mbaya.

*

Barrie alilea wavulana wale na akawazika wawili. George aliuawa vitani mwaka 1915. Michael alizama majini karibu na Oxford mwaka 1921, akiwa bado mwanafunzi. Ndoa ya Barrie ilikuwa imevunjika tangu 1909 na hakuwahi kupata mtoto wa kuzaa.

Na hapa ndipo barabara mbili zinakutana. Jirani kabisa na makao ya Coram palikuwa na hospitali ya kweli, ya wodi na sindano, katika mtaa wa Great Ormond Street. Daktari Charles West aliifungua mwaka 1852, ikiwa na vitanda 10, ya kwanza Uingereza kulaza watoto peke yao. Mwaka 1858 mwandishi Charles Dickens aliisomea hadharani hadithi yake kuchangisha pesa, la sivyo huenda ingefungwa. Watoto wa maskini wa London walitibiwa hapo.

Katika miaka ya 1920, Foundling Hospital iliamua kuhama London iende mashambani kwenye hewa safi, na ardhi yake ikauzwa. Mwaka 1929 hospitali ya Great Ormond Street ilitaka sehemu ya ardhi hiyo ili ijitanue. Walimwendea Barrie kumwomba aingie kwenye kamati ya kuchangisha. Akakataa. Alisema kamati si kazi yake, lakini huenda akapata njia nyingine ya kusaidia.

Miezi miwili baadaye aliwapa Peter Pan.

Hakuwapa vitabu vya kuweka maktabani. Aliwapa haki zote za kazi ile. Kila tamthilia ikichezwa, kila kitabu kikiuzwa, mrabaha unaenda hospitalini. Desemba ya mwaka huo huo, waigizaji walienda hospitalini wakawachezea watoto onyesho la chumba cha kulala, vitanda vya jukwaani vikiwa mbele ya vitanda vya kweli. Barrie alipofariki tarehe 19 Juni 1937, wosia wake ulithibitisha zawadi ile. Sehemu kubwa ya mali yake nyingine ilimwendea katibu wake, Cynthia Asquith. Lakini yule mvulana asiyekua aliachiwa watoto wagonjwa. Barrie aliomba jambo moja: kiasi cha pesa kinachoingia kisitangazwe. Hospitali imeshika ahadi hiyo hadi leo. Ndiyo maana huwezi kuipata takwimu hiyo popote, na mimi nimeipenda hivyo.

Shida ni kwamba hakimiliki ina mwisho. Sheria ya Uingereza wakati huo ilihesabu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo mwisho wa 1987 Peter Pan akawa mali ya kila mtu. Mwaka 1988 Bunge lilikuwa linapitisha sheria mpya ya hakimiliki. James Callaghan, aliyewahi kuwa waziri mkuu, na ambaye mkewe Audrey alikuwa kiongozi katika bodi ya hospitali ile, alisimama kwenye Bunge la Malodi akaomba nyongeza. Ikapita. Hospitali ikapewa haki ya kupokea mrabaha wa Peter Pan ndani ya Uingereza bila kikomo cha miaka. Haina mamlaka ya kumkataza mtu kuibadilisha hadithi. Ina haki ya kulipwa tu. Kwingineko duniani saa iliendelea kugonga: Marekani, kwa mfano, ulinzi wa tamthilia yenyewe ulikwisha mwisho wa 2023.

Angalia basi kilichotokea. Mtu alitoa kwa maandishi, akiwa hai. Akathibitisha kwa maandishi kwenye wosia. Maandishi yalipokaribia kufa, walio hai wakaandika mengine. Nia njema ya Barrie ilikuwepo tangu mwanzo, lakini nia haikai peke yake miaka 90. Inahitaji watu wa kuirithi kama vile mali inavyohitaji.

*

Najua unachofikiria. Hayo ni mambo ya Wazungu wenye tamthilia. Sisi huku tuna deni la Fuliza.

Lakini wazo lenyewe si geni kwetu hata kidogo. Pwani yetu inalijua kwa jina la wakfu. Mtu anafunga duka, shamba la minazi au nyumba, haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inaenda msikitini, madrasani au kwa mayatima. Mti unabaki, matunda yanaliwa. Ndicho Barrie alichofanya na hadithi yake. Katika Uislamu, mtu anaweza pia kuusia hadi thuluthi moja ya mali yake nje ya warithi wake, thuluthi mbili zikibaki kwa wenye haki. Hesabu hiyo ina hekima: unaruhusiwa kuwa mkarimu, lakini si kwa jasho la watoto wako mwenyewe.

Kwa sisi wengine kuna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1981. Nimeisoma. Ukiondoa lugha ya mawakili, inachotaka ni kidogo sana. Uwe mtu mzima mwenye akili timamu. Uandike, utie saini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie saini. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, maana anaweza kukikosa kwa sababu hiyo hiyo. Unaweza kumtaja wasii, yaani mtu wa kutekeleza. Na kama una watu wanaokutegemea ukawaacha bila kitu ili usifiwe kwa hisani, mahakama inaweza kuingilia na kuwapa.

Halafu kuna kifungu ambacho nilikisoma mara nne. Sheria inatambua wosia wa mdomo. Ukisema mbele ya mashahidi wawili, inatosha, mradi ufe ndani ya miezi mitatu tangu useme.

Anti alisema Desemba. Alifariki Agosti.

Kwa sheria, basi, hakuacha wosia wowote. Na mtu asiye na mke, mume, watoto wala wazazi walio hai, mali yake inaenda kwa ndugu zake. Hivyo kikao chetu hakikuiba chochote. Ningetaka kukwambia kwamba Baba Mkubwa alikuwa mwizi, ingekuwa insha rahisi zaidi. Alikuwa mtu aliyefiwa na dada, mwenye watoto shuleni, kwenye meza ambayo hakuna aliyeweka karatasi nyingine. Ndugu wangeweza kukubaliana kwa hiari yao kutoa ile nusu. Sheria haiwakatazi. Walihitaji tu mtu wa kulitaja jambo lenyewe kwa sauti, na kama ni aibu, basi aliandike kwa daftari, kisha asome muhtasari mwishoni kama kawaida: "Saba, marehemu aliomba..." Ni nani angesema futa?

*

Miezi michache iliyopita nilirudi kwenye yale makao. Bado yapo, lakini watoto ni wachache kuliko nilivyokumbuka. Mama anayeyaendesha alinieleza kwamba siku hizi kazi kubwa ni kuwarudisha watoto kwa jamaa zao na kuwasaidia wakiwa huko huko nyumbani, kwa sababu serikali inataka watoto walelewe katika familia, si kwenye mabweni. Nilimwambia mimi ni wa yule mama wa magunia. Akanishika mkono. "Mama Nguo!" akasema. "Tulisikia tu amelala. Hakuna aliyetuambia mazishi ni lini."

Hakuuliza kama aliacha kitu. Wala mimi sikusema.

Njiani nikirudi nilimfikiria tena Coram. Makao yake hayapo tena kama makao. Shule yao ya mwisho ilifungwa miaka ya 1950. Lakini shirika lenyewe liko hai, linaitwa Coram, na linafanya kazi za kuasili watoto na kuwatetea. Sehemu ya ile ardhi ya zamani ni uwanja wa kuchezea, na mtu mzima haruhusiwi kuingia kama hajaandamana na mtoto. Kwa hiyo ukiacha zawadi kwa ajili ya watoto, usiifunge kwenye jengo. Andika jina kamili la shirika jinsi lilivyosajiliwa. Andika kazi unayotaka ifanyike. Kisha andika kwamba kama shirika hilo halipo tena siku hiyo, zawadi iende kwa lingine linalofanya kazi kama hiyo. Mwambie wasii wako. Liambie na shirika lenyewe. Handel hakuacha kitabu bila karatasi za wapiga fidla.

Na kama unadhani huna kitu, mimi pia nilidhani hivyo. Nina miaka 26, laptopu moja yenye kibodi inayoruka herufi, na hisa za chama ambazo hazifiki bei ya friji. Lakini sheria ya Kenya inasema hakimiliki ya maandishi inaishi maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo, na inasema inaweza kuachwa kwa wosia kama mali nyingine. Kila kitu nilichokiandika kwa jina langu ambacho sikukiuza moja kwa moja kwa mteja ni mali. Ndogo, najua. Peter Pan naye usiku wa kwanza alikuwa tamthilia moja tu, na hakuna aliyejua kama watu wangepiga makofi.

Wiki iliyopita nimeandika wosia wangu. Ukurasa mmoja na nusu. Mashahidi ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu na fundi wa viatu wa pale getini, ambaye alisoma kila neno kabla ya kutia saini, kisha akaniuliza kama ninaumwa. Vitu vyangu nimewaachia mama na mdogo wangu. Mrabaha wa maandishi yangu, ukiwahi kuwepo, nimeugawa: nusu kwa mdogo wangu, nusu kwa kazi ya wale watoto, kwa jina lililosajiliwa na kwa maneno niliyokueleza.

Lakini kifungu cha kwanza kabisa, kabla ya mama, kabla ya mtu yeyote, kinasema kwamba nina deni la shilingi 20,000 kwa watoto hao na lilipwe kwanza. Natumaini kulilipa nikiwa hai. Nimeanza kutuma kidogo kidogo, shilingi 1,000 kila mwezi ambao wateja wananilipa, na si kila mwezi wananilipa.

Lile daftari bado ninalo. Nimelifungua kwenye ukurasa wa siku ile. Chini ya pesa za chama kuna nafasi, mistari minne mitupu kabla ya saini zetu. Sikuandika kitu hapo, kwa sababu kuongeza neno baada ya watu kutia saini ni kosa la Jimmy. Badala yake nimeandika hapa.

Baba Mkubwa hasomi majarida ya mtandaoni. Binti zake wanasoma, na mmoja wao alikuwepo siku ile ya pilau. Nimemtumia makala haya kabla ya kuyachapisha. Kwenye WhatsApp naona alama mbili za samawati. Bado hajajibu.